Mfupa Uliopigiwa Hodi

"Kipo hai," Shangazi akasema.

Daktari Otilia Luambano, aliyekuwa anaandika, akanyanyua kichwa. "Nini kipo hai?"

"Kimelea kilichomo kwenye chupa namba mia mbili na kumi na tano. Kipo hai na kinagawanyika. Nimesoma mara tatu."

Msije mkadhani Shangazi ni mtu. Ni mashine, ukubwa wake kama friji ya dukani, na jina alipewa na watu wa kambi ya Nangumbi kwa sababu alijua ugonjwa wa kila mmoja na hakuweza kunyamaza. Kazi yake hasa ilikuwa kusoma maradhi ya wanyama waliokufa miaka milioni mia na hamsini iliyopita, wale wa shingo ndefu waliolala ndani ya kilima. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesoma majipu ya mifupa, saratani za miguu na homa za damu, na hakuna hata siku moja aliyotamka neno "hai".

"Rudia kusoma," Otilia akasema.

"Hiyo itakuwa mara ya nne, Daktari."

"Nimesema rudia!"

Alikuwa na haki ya kupandisha sauti. Ndani ya mfupa wa kale, pale ilipokuwa ikipita damu, chuma cha damu huwa kimekausha kuta za mishipa kabla udongo haujazifikia. Ukiuyeyusha mfupa kwa tindikali unabakiwa na nyuzi nyembamba laini, zinazopinda ukizigusa kwa sindano. Humo ndimo ugonjwa unapoacha nyayo zake, vipande vidogo vidogo vya protini, vimekatika hovyo, na Shangazi huviokota na kuviunganisha mpaka ajue mnyama aliumwa nini. Ni kazi ya kusoma barua iliyotafunwa na mchwa. Sasa mtu akikuambia aliyeandika barua hiyo anapumua, utamwelewaje?

Kuna jambo jingine lililomkera. Zamani kuyeyusha mfupa kulifanyika hapo hapo kambini. Mwaka jana makao makuu ya Taasisi ya Maradhi ya Kale yakatoa agizo: Otilia akate kipande, akipeleke mjini, huko wakiyeyushe na kumrudishia nyuzi kwenye chupa yenye lakiri. Sababu waliyoitoa ni kubana matumizi. Otilia hakuiamini tangu siku ile, ila alikuwa na kazi nyingi, akaliacha lipite.

Shangazi alimaliza mara ya nne. "Kipo hai," akasema, na hapo hapo honi ikalia getini.

Aliyeshuka garini alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Daktari Adventina Rugaimu, suti ya kijivu, tabasamu la msibani. "Pole sana, mdogo wangu," akasema, akamkumbatia. "Tumepata taarifa kutoka kwenye mashine yako. Mtihani huu."

Otilia akatazama saa. Shangazi alikuwa ametoa taarifa ile ya kwanza saa tatu na robo. Sasa ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na kutoka makao makuu mpaka Nangumbi ni siku nzima ya barabara. "Umefikaje, dada?"

"Nilikuwa hapa jirani kwa shughuli nyingine. Bahati tu."

Nyuma yake, kuteremka kilima, malori yasiyo na dereva yalikuwa yamejipanga moja nyuma ya jingine, taa zikipepesa. Otilia aliyahesabu mpaka ishirini na mbili, kona ikamkatia. "Na hayo nayo yalikuwa kwenye shughuli nyingine?"

"Tahadhari, Otilia. Kwenye maradhi mtu huanza na tahadhari." Mkurugenzi akafungua begi, akatoa karatasi zilizokwisha kupigwa chapa. Kaya zote za kijiji cha Nangumbi, mia tatu na kumi na mbili, zihamishwe ndani ya siku kumi na nne. Kilima kifungwe, kisifunguliwe tena kwa raia. Mifupa yote ibaki chini ya Taasisi. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mtupu wa sahihi, na chini yake: Daktari aliyekata sampuli.

Hapo Otilia akaanza kuona. Kwa Sheria ya Mifupa, hakuna mfupa unaotoka kilimani bila muhuri wa kijiji, na watu wa Nangumbi walikuwa wagumu kuutoa. Kila ugonjwa wa kale uliosomwa sawasawa ni mlango wa dawa mpya, na Taasisi ilitaka milango yote, haraka, bila kuombana na mtu. Kijiji kikiondoka, muhuri wake nao unakufa.

"Ukisaini, maabara inahamia makao makuu na mkuu wake unakuwa wewe," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Usiposaini, na huna ushahidi, baada ya siku tatu sheria inaniruhusu kumleta daktari mwingine. Nakupa mpaka kesho saa nne. Mfupa wenyewe nimekwisha agiza ufungiwe."

Kweli, vijana wa ulinzi walikuwa wanausukuma mfupa namba mia mbili na kumi na tano kuuingiza kwenye kontena la baridi uani. Ufunguo wakamkabidhi Mkurugenzi, naye akauvaa shingoni kama kidani.

*

Mtu akishaingiwa na shaka, hashuku mmoja. Otilia alirudi ofisini, akajiuliza ni akina nani walioushika mfupa ule kabla ya kipande kwenda mjini. Walikuwa wawili tu: yeye na Fundi Nandonde.

Mzee Issa Nandonde alikuwa Mmwera wa hapo hapo Nangumbi, fundi wa kufungua mifupa. Mfupa ukichimbwa hufungwa gamba la plasta ili usivunjike njiani, na kulivua gamba hilo pasipo kuugusa ubavu wa mfupa ni ujuzi wa mikono ambao chuo hakiufundishi. Yeye na Otilia, Mngoni wa Songea, walikuwa watani. Tangu siku ya kwanza ilikuwa ni kutukanana na kucheka, Otilia akimwita mzee mla panya, mzee akijibu kwamba heri panya wa kwake kuliko ng'ombe wa wizi. Otilia alimpenda mzee yule, hakuna la kuficha.

Lakini sasa alikumbuka jambo. Kila mfupa ulipofikia kuvuliwa gamba la mwisho, mzee alimwambia, "Nenda kanywe chai kwanza, Daktari, vumbi hili litakuua." Kila mfupa. Miaka kumi na moja. Naye akaenda kunywa chai.

Mchana huo mezani ulikuwepo mfupa namba mia mbili na kumi na sita. "Nenda kanywe chai, Daktari," mzee akasema, kama kawaida yake.

"Naenda," Otilia akasema. Akatoka, akazunguka nyuma, akasimama kwenye kioo cha chumba cha vifaa.

Mzee aligeuka kutazama mlango. Akaondoa kipande cha mwisho cha plasta, akakiweka pembeni taratibu. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, akakifungua. Alichota kitu cheupe kwa vidole vitatu, akakinyunyizia juu ya ufa wa mfupa, midomo ikichezacheza.

Otilia hakukumbuka alivyofika mlangoni. "Mzee Nandonde! Nini hicho?"

Mzee hakushtuka. Alifunga kikopo kwanza. "Unga."

"Unga wa nini?"

"Wa mtama. Wa mahindi haufai."

"Nakuuliza unafanya nini na unga ndani ya maabara yangu!"

"Napiga hodi." Alisema kama mtu anayeeleza kitu ambacho hata mtoto anakijua. "Huyu hapa ni kwake. Amelala miaka mingapi, ulisema? Halafu mtu anaingia na msumeno, salamu hakuna, hodi hakuna. Sisi hapa hatufungui nyumba ya marehemu bila kutia unga na kuomba ruhusa. Kwenu mnaingia tu? Aa, nilisahau. Ndivyo mlivyoingia kwetu, na mikuki."

Siku nyingine Otilia angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo alivuta kigoda akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu mfupa wa kwanza."

"Yote?"

"Yote. Ningemnyima nani?"

"Mzee, unajua ulichonifanyia?" Machozi yalikuwa karibu, ya hasira tupu. "Sharti la kwanza la kazi hii ni usafi. Nikikata kipande, ndani yake kisiwemo chochote cha leo. Chochote! Kila nilichoandika kimesimama juu ya usafi huo. Wakijua kuna unga humu, wanafuta yote. Namba moja mpaka ya mwisho."

Mzee alitazama mikono yake. "Nilikuwa nanawa," akasema. "Kila mara, kwa sabuni ile mliyotupa."

Otilia alitamani kumpiga, na papo hapo akaona haya kwa kutamani hivyo. Kati yao ulilala mguu wa mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona. Ndipo wazo likamjia, akanyanyuka.

"Na mia mbili na kumi na tano? Uliutia unga?"

"Niliutia."

"Una hakika? Siku ile ulichelewa. Ulitoka mazikoni, macho mekundu, hata salamu yangu hukuiitikia."

"Nimekwambia niliutia. Tena mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Hilo ni la kwangu," mzee akasema, akageukia patasi zake.

Otilia alimkazia macho. Nyumba ya mzee huyu ilikuwa miongoni mwa zile mia tatu na kumi na mbili. Alikuwa na kila sababu ya kusema lolote litakaloizuia isibomolewe, na alikuwa amemficha jambo miaka kumi na moja bila kupepesa macho.

*

"Shangazi, kile kizuizi cha nafaka," Otilia akasema. "Kiondoe."

"Kiliwekwa kwa amri yako, Daktari, mwezi wa pili wa kazi. Ulisema: usinitajie nafaka tena, ni vumbi la mashine ya kusaga ya kijijini."

"Nakumbuka nilichosema. Kiondoe."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Shangazi alikuwa amemwambia mapema, naye akamfunga mdomo. Alijua upepo wa Nangumbi, alijua kuna mashine ya kusaga, akapata jibu la haraka na kulipenda. Daktari mzima!

"Namba moja, mtama," Shangazi akaanza. "Namba mbili, mtama. Namba tatu, mtama. Namba nne, mtama."

Alimwacha aendelee mpaka arobaini, akashindwa kuvumilia. "Niambie isiyo na mtama."

"Ni moja. Chupa mia mbili na kumi na tano."

"Na zile nyingine zilizopitia makao makuu tangu mwaka jana?"

"Zote zina mtama."

Basi kuyeyusha mjini hakukuuondoa. Otilia alisimama dirishani, akilitazama kontena. Chupa isiyo na unga ilikuwa na maana mbili tu. Ama kilichomo ndani yake hakikutoka kwenye mfupa uliopita mikononi mwa Nandonde, yaani kuna mtu aliyekibadilisha huko mjini na kutia kimelea cha kufugwa. Ama mzee, siku ile ya mazishi, alisahau, na sasa anadanganya.

"Wewe unaonaje?" akauliza, ingawa alijua ni upuuzi.

"Mimi nasoma chupa, Daktari. Mikono ya watu siisomi."

Njia ya kujua ilikuwa moja: kulifungua kontena na kuuparuza upya ule mfupa. Mtama ukiwemo, chupa ni ya uongo na kijiji kimepona. Lakini kuusema mtama huo hadharani ni kuizika maabara kwa mikono yake mwenyewe, na jina lake, na jina la mzee. Mtama usipokuwemo, basi huenda kimelea ni cha kweli, na yeye atakuwa amekifungulia mlango katikati ya watu. Alitafuta njia ya tatu mpaka chai ikapoa mezani. Kusaini kulikuwa kazi ya sekunde moja. Alishika hata kalamu, akaijaribu kwenye gazeti kuona kama inaandika. Iliandika vizuri tu, akaitupa ukutani.

*

Saa nne asubuhi watu wa Nangumbi walijaa uani, wengine na mabakuli ya uji waliyokuwa hawajayamaliza. Mbele alisimama mwenyekiti wa kijiji, Bi Somoe Likalangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu walioko ng'ambo ya bonde. Muhuri ulikuwa kwenye fundo la kanga yake, mahali ambapo haukuwahi kutoka.

Mkurugenzi alisema kwa dakika kumi. Alitumia maneno mazuri, akataja watoto mara sita, kisha akamnyooshea Otilia karatasi na kalamu.

"Kabla sijasaini," Otilia akasema, "naomba ufunguo wa kontena."

"Wa nini?"

"Nikate upya. Aliyekata ana haki ya kukata tena kabla ya sahihi. Sheria hiyo uliipigania mwenyewe, dada, wakati ungali daktari."

Uso wa Mkurugenzi ulikaza kidogo, kisha ukalegea. "Otilia, humo ndani kuna ugonjwa ulio hai. Ukifungua ukawakumba watu hawa, damu yao utaijibu wewe."

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Huenda hilo lilikuwa kweli, na Otilia hakujua. Hakujua! Alichokuwa nacho mkononi ni neno la mzee aliyekwisha kumficha mambo.

"Bi Somoe," akasema, "nakuomba uwasogeze watu. Mbali, mpaka barabarani kule."

Bi Somoe hakuuliza. "Haya, wote barabarani! Na mabakuli yenu! Wewe Selemani, mbebe bibi yako, unamwangalia nani?" Watu wakatawanyika kwa haraka, vumbi likatimka. Yeye akabaki. "Mimi nakaa," akasema. "Muhuri hauwezi kukimbia."

Otilia akavaa barakoa na glavu, akachukua kisanduku kidogo cha kubebea, kinachosoma na kumpelekea Shangazi majibu. Akageuka, akamkuta Mzee Nandonde ameshika patasi.

"Wewe nenda barabarani."

"Nani atakufungulia gamba tulilourudishia ulipokwisha kukata? Wewe mikono yako ya kuandikia." 

Otilia akamsogelea, akamnong'oneza. "Mzee, nisikilize. Kama ulisahau siku ile, niambie sasa hivi. Sitakulaumu. Kama umenidanganya, tunakufa wote wawili mle ndani."

"Kama nimekudanganya," mzee akasema, "ningekuwa naingia?"

Lilikuwa jibu zuri, lakini mtu anaweza kuamini kwa moyo wote jambo alilolisahau. Otilia alilijua hilo. Akageuka kumwendea Mkurugenzi kwa ajili ya ufunguo, na hapo ndipo alipoona kitu kilichokuwa mbele ya macho yake muda wote.

Daktari Rugaimu alikuwa amejiegemeza kwenye mlango wa kontena, mabega yake yameubana. Hakuwa na barakoa. Hakuwa na glavu. Kijiji kizima kilikuwa kimekimbilia barabarani, vijana wake wa ulinzi nao wamekwisha kujificha nyuma ya malori, naye alisimama pale na suti yake ya kijivu kana kwamba anangoja lifti.

"Dada," Otilia akasema polepole, "mbona wewe husogei?"

Mkurugenzi akageuza shingo kuutazama mlango.

"Kimelea kilicho hai kiko hatua moja nyuma ya mgongo wako. Wewe ni daktari, unajua kinavyoruka. Mbona husogei?"

"Ufunguo, mama," Bi Somoe akasema, na mkono wake ukawa umekwisha kufika shingoni kwa Mkurugenzi. Hakuvuta kwa nguvu, wala Mkurugenzi hakuzuia.

Ndani palikuwa na baridi ya kuuma meno. Mfupa ulilala kwenye kitanda chake cha mchanga, mfupa wa paja, mdogo. Wenzake walikuwa warefu kuliko mtu mzima. Huu haukufika kiuno cha Otilia, na katikati yake palikuwa na uvimbe pale ugonjwa ulipokula. Mzee alilivua gamba kwa mapigo manne, akarudi nyuma. 

Kwa nafaka, au kwa kimelea kilicho hai, hakuhitaji tindikali. Aliparuza ukingo wa ufa pale alipokata mwanzo, akaingia ndani zaidi akachokonoa uvimbe, akaweka vyote kwenye kisanduku. Kwa kawaida kisanduku husoma kwa dakika mbili. Zilikuwa dakika mbili ndefu. Otilia aliomba kwa lugha ya bibi yake, ambayo alidhani ameisahau.

Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye vipaza sauti vya kambi, watu wa barabarani wakaisikia. "Mfupa mia mbili na kumi na tano. Kimelea: vipande tu, vimekufa. Kilicho hai: hakuna. Nafaka: mtama. Kipimo chake ni mara mbili ya mifupa mingine yote."

Kule barabarani mtu akapiga kigelegele kabla hata ya kuelewa. Otilia akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Mara mbili," akasema.

"Nilikwambia."

"Sasa niambie kwa nini."

Mzee alikuwa anaupangusa mfupa vumbi kwa brashi, pole pole. "Siku ile nilitoka kumzika mtoto wa mdogo wangu. Miaka minne. Homa tu. Nimefika hapa, nimevua gamba, namkuta huyu naye mtoto, naye kafa kwa kuumwa. Mtoto hushtuka akiona wageni. Hodi moja nikaona haimtoshi."

Walipotoka, Mkurugenzi alikuwa amejikusanya. "Umesikia mwenyewe alichosema?" akauliza, sauti kavu. "Mtama. Mifupa yote! Miaka kumi na moja mnatuletea uchafu. Maabara hii imekwisha, Otilia, na wewe umekwisha nayo."

"Imekwisha," Otilia akasema. "Leta karatasi."

Akaigeuza ile karatasi ya kuwahamisha watu, akaandika nyuma yake kwa kalamu ile ile aliyopewa ya kusaini. Aliandika kwamba sampuli zake zote tangu namba moja zilikuwa na unga wa mtama, kwamba alionywa na mashine akapuuza, kwamba kosa ni la mkuu wa maabara. Jina la fundi hakulitaja. Halafu akaandika kwamba chupa mia mbili na kumi na tano haikuwa na unga huo, na ilitoka makao makuu na lakiri yao. Akasaini. Bi Somoe akafungua fundo la kanga, akapuliza muhuri, akaugonga juu ya sahihi kwa kishindo kilichowatoa kuku chini ya kontena.

"Sasa ni mali ya kijiji," akasema, akaikunja karatasi, akaitia kwenye fundo.

Mkurugenzi aliondoka bila kuaga. Malori yaligeuka moja moja, matupu, yakateremka kilima, na watoto wakayafuata wakiyazomea. Kesho watakuja wa kufunga milango. Otilia alijua pia kwamba Shangazi atang'olewa na kubebwa, na kwamba kitabu alichokuwa anakiandika hakitasomwa na mtu. Alikaa kwenye kizingiti cha kontena, akalia waziwazi, bila kujificha. Mzee Nandonde alikaa karibu naye mpaka alipomaliza.

"Nimekuharibia," mzee akasema.

"Umeniharibia."

"Na sasa utakwenda wapi?"

Otilia akajifuta pua kwa glavu. "Siendi. Nitahamia kwako, nile panya wako mpaka waishe, ndiyo deni lako."

"Mngoni! Utawamaliza kwa wiki moja," mzee akasema, akacheka, na macho yake nayo yalikuwa yameloa.

Ilibaki kazi moja. Mfupa haukuweza kuachwa wazi, ungepasuka. Wakakoroga plasta ya mwisho kwenye ndoo, wakaingia tena kwenye baridi, wakauviringishia vitambaa vyeupe tabaka kwa tabaka, yeye upande huu, mzee upande ule. Walipofika kwenye ufa, Otilia akasimamisha mkono.

"Mtu akitoka, naye anatia unga?"

"Hapana. Ukitoka unaaga tu."

Otilia alikuwa amekata mifupa mia mbili na kumi na tano, na hakuwahi kuzungumza na hata mmoja. Aliuweka mkono wake juu ya ule uvimbe mdogo, kabla plasta haijaufunika.

"Tunakwenda, mwanangu," akasema. "Lala."